Jinsi ya kuandaa maonyesho ya wapigapicha wanawake wa mwanzo mtaani kwako

Anza na daftari, ukumbi utakuja. Mtu akipata wazo la maonyesho ya picha hukimbilia ukumbi, kadi na spika, halafu picha zenyewe zinaokotwa mtandaoni wiki ya mwisho na kubandikwa bila kuandikwa nani alizipiga. Kwa maonyesho haya njia hiyo haifai. Wanawake wa mwanzo katika kazi ya kamera waliacha kazi nyingi nyuma yao, ila majina yao hayakuandikwa, au yaliandikwa ya wengine. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa daftari ni wa majina. Kila utakaloamua baadaye kuhusu fremu, karatasi au ukuta, jiulize: mgeni atatoka hapa akilijua jina la huyu mama?

Nimekaa miaka mingi nyuma ya kaunta ya studio Kariakoo, enzi za filamu. Nilipokea mkanda, nikaandika jina la mteja kwenye bahasha, mkanda ukaingia chumba cha giza. Picha zikikauka tuligonga muhuri nyuma: jina la studio na sanduku la posta. Waliozisafisha ndani, wakiwemo kina mama waliojua kupima mwanga kuliko sisi wote, hawakutajwa popote. Picha hizo zimo kwenye albamu za Dar nzima mpaka leo.

Majina ya kuanzia

Hili si la kwetu peke yetu. Anna Atkins wa Uingereza alianza mwaka 1843 kutoa kitabu cha picha za mwani, na wengi wanakihesabu kuwa kitabu cha kwanza duniani chenye picha zilizotengenezwa kwa nuru ya jua. Alitia sahihi kwa herufi mbili tu, A.A., na miaka baadaye mtaalamu mmoja akadhani herufi hizo ni za maneno ya Kiingereza “Anonymous Amateur”, yaani mtu asiyejulikana anayejifurahisha na sanaa. Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza, alipiga picha za ukatili wa utawala wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji kule Kongo, na mara nyingi sifa ikaenda kwa mumewe. Gerda Taro alipiga picha za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania hadi akafia huko Julai 1937, akiwa na miaka 26. Kwa miongo mingi kazi zake nyingi zilihesabiwa kuwa za mwenzake, mpigapicha maarufu Robert Capa. Mwaka 2007 yalipojitokeza maboksi ya negativu yaliyokuwa yamefichwa Mexico ndipo watu walipoweza kuzitenganisha nyingi.

Homai Vyarawalla, mwanamke wa kwanza kupiga picha za habari India, picha zake za mwanzo zilichapishwa kwa jina la mumewe. Baadaye alitumia jina la kazi, Dalda 13. Huyu muweke hata kama nafasi ni finyu. Alizunguka Delhi kwa baiskeli na sari yake, kamera nzito begani, akapiga picha za bendera ya uhuru ikipandishwa Agosti 1947. Dar ina familia nyingi ambazo mababu zao walitoka Gujarat, na Vyarawalla alizaliwa hukohuko, Navsari, mwaka 1913. Wakisoma mahali alipozaliwa watasimama na kuanza kuhadithia.

Kisha weka mmoja aliyelitundika jina lake mlangoni: Felicia Abban wa Ghana. Alijifunza kwa baba yake tangu akiwa msichana, akafungua studio yake Jamestown, Accra, miaka ya 1950, na kwenye ubao akaandika Mrs. Felicia Abban's Day and Night Quality Art Studio. Kabla ya kwenda shughulini alikuwa akivaa, anasimama mbele ya kamera yake na kujipiga picha. Mwaka 2019 picha hizo zilionyeshwa kwenye banda la Ghana huko Venice. Alifariki 2024.

Chukua wachache, na chukua kwa halali

Wanawake wanane au kumi, kila mmoja na picha mbili tatu na maelezo ya kutosha, ni bora kuliko arobaini ambao mgeni atawapita kama anawahi mwendokasi. Nusu wawe wa nje, nusu wa hapahapa. Ukiweka wa nje tu, wanafunzi watadhani kamera ni mambo ya mbali. Ukiweka wa hapa tu, mama wa Magomeni aliyepiga harusi miaka ya themanini ataonekana kioja, wakati ni mmoja katika msururu mrefu.

Kwa wa nje, zipo hazina zinazotoa picha bure na kwa ruhusa. Library of Congress ya Marekani ina picha za Mmarekani Dorothea Lange alizopiga akiajiriwa na serikali, pamoja na za mwenzake wa nchi hiyo, Frances Benjamin Johnston. New York Public Library imeweka kurasa za Atkins. Metropolitan Museum ya New York ina picha nyingi zisizo na kizuizi za Julia Margaret Cameron, Mwingereza wa karne ya 19. Pakua faili kubwa kuliko zote, usichukue ile ndogo inayojitokeza kwenye skrini. Kuchapa ukubwa wa A3 vizuri unahitaji nukta za picha (pikseli) kama 3,500 kwa 5,000. Kwa picha ya ukutani, 2,300 kwa 3,300 zinavumilika. Chini ya hapo sura inakuwa ukungu, na utakuwa umemvunjia heshima mwenye kazi.

Vyarawalla na Abban ni habari nyingine. Kazi zao bado zina wenyewe. Hifadhi ya Vyarawalla iko chini ya Alkazi Foundation, Delhi. Andika barua pepe, jieleze, omba. Jibu likichelewa, usiibe. Weka ubao wa maandishi peke yake, wenye jina kubwa na habari zake, na chini yake msimbo wa kuskani kwa simu unaompeleka mgeni kwenye ukurasa wa wenye picha.

Kuomba kwa barua ndiyo njia aliyoitumia Johnston mwenyewe. Mwaka 1900, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris, aliwaandikia wapigapicha wanawake wa Marekani mmoja mmoja, akaomba kazi zao na maelezo ya maisha yao, akazikusanya na kuzipeleka. Kazi unayotaka kuifanya leo yeye aliifanya kwa posta na meli.

Cameron namwekea neno la ziada kwa sababu ya kina mama watakaokuja. Alipewa kamera yake ya kwanza Desemba 1863, zawadi ya binti yake na mkwewe, akiwa na miaka 48. Banda la kuku akaligeuza studio, na chumba cha makaa akakifanya chumba cha giza. Habari hiyo iandike kwa herufi kubwa. Nimeona kina mama wakiisoma mara mbili.

Kuwapata wa hapa Dar

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa usiwe na haraka. Hakuna orodha iliyokaa tayari. Utaanza na albamu za nyumbani kwenu: toa picha, tazama nyuma, soma muhuri. Kisha nenda mtaa uliotajwa, Kariakoo, Ilala, Temeke, popote, uwaulize wazee wa pale studio ilikuwa wapi na nani alikuwa akifanya kazi ndani. Usiulize “nani alikuwa mpigapicha,” maana watakutajia mwenye duka. Uliza nani alikuwa akisafisha picha, nani alipaka rangi mashavu na midomo kwa pamba kwenye zile picha za nyeusi na nyeupe, nani alishika kamera mzee akisafiri. Hapo ndipo utasikia, “Aa, huyo alikuwa mke wake,” au “alikuwepo dada mmoja, siku hizi anaishi Mbagala.”

Uliza pia kwenye harusi za zamani. Katika jamii nyingi za pwani, sherehe za wanawake peke yao haziruhusu mwanamume aingie na kamera. Palihitajika mwanamke wa kupiga, na mwanamke huyo mara nyingi alikuwa shangazi au jirani aliyemiliki kamera ya Yashica au Zenit, akajifundisha mwenyewe. Hao ndio waanzilishi wetu wengi, na hawajawahi kuitwa hivyo. Picha za serikali na za magazeti nazo zina mahali pake: Idara ya Habari MAELEZO ina hazina ya picha. Peleka barua yenye anwani na lengo lako, na uwe na subira.

Ukimpata mmoja wa wanawake hao, usiende na kamera shingoni. Piga hodi, kaa, chai iletwe inywewe.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Umetoka kwa nani?”

Swali hilo lina uzito. Uwe na jina la mtu aliyekuelekeza, la sivyo mazungumzo yataishia kwenye hali ya hewa. Siku ya kwanza msikilize tu. Ya pili omba kurekodi.

Maswali mazuri ni ya kazi yenyewe. Kamera ilikuwa ya nani? Nani alikuonyesha kuingiza mkanda? Ulilipwa kwa picha au kwa mwezi? Mkanda wa picha 36 ulikutosha harusi nzima, au ulibana? Dawa mlizipata wapi miaka ile bidhaa zilipoadimika? Ukimuuliza mtu alijisikiaje kuwa mwanamke kazini, atakupa jibu la adabu. Ukimuuliza alifanya nini umeme ulipokatika picha zikiwa ndani ya dawa, atasimama akuonyeshe kwa mikono.

Picha zake usiondoke nazo kirahisi. Kama ana skana karibu, au wewe unayo ya kubeba, ziskani palepale kwa nukta 600 kwa inchi, mbele na nyuma. Huna skana? Simu inatosha: weka picha juu ya meza karibu na dirisha, bila jua la moja kwa moja, simu iwe sambamba kabisa na meza, zima flashi. Zile albamu za kurasa za gundi usizing'oe kwa kucha. Pitisha uzi wa kusafishia meno taratibu chini ya picha. Ikigoma, iache ukurasani mwake na uipige ikiwa ndani ya albamu. Negativu iweke mbele ya skrini nyeupe ya tableti, iwe juu kidogo ili nukta za skrini zisionekane, piga, kisha geuza rangi kwa programu yoyote ya kuhariri picha. Na kabla hujaondoka mwachie boksi la plastiki linalofunga vizuri, na ndani vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Joto na unyevu wa Dar huotesha ukungu kwenye negativu kwa kasi ya kusikitisha.

Ruhusa iandikwe kwa Kiswahili chepesi, nusu ukurasa: picha zipi, zitaonyeshwa wapi, hadi lini, zitawekwa mtandaoni au hapana. Asaini yeye, nawe umwachie nakala. Tangu 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata bila sheria jambo hili ni la heshima. Picha za sherehe za wanawake, ambapo watu walikaa bila mtandio kwa kuwa walijua hakuna mwanamume, usizitundike isipokuwa kila anayeonekana amekubali. Kumziba uso haitoshi, watu wa mtaani wanamjua mtu hata kwa gauni. Weka badala yake picha ya kamera yake, mikono yake, na maneno yake.

Maelezo chini ya picha

Jina la mpigapicha liwe juu, kwa herufi kubwa kuliko nyingine zote. Chini yake mwaka na mahali, halafu sentensi mbili tatu: alitumia nini, kwa nani, kulikuwa na ugumu gani. Kiswahili kwanza. Chapa maandishi makubwa kiasi cha bibi kuyasoma bila miwani, saizi ya herufi 24 hivi.

Halafu jina la aliyepigwa. Hapa hata waanzilishi walipungukiwa, na maonyesho yaseme hivyo. Picha maarufu ya Lange ya mwaka 1936, ya mama na wanawe katika kambi ya wavuna njegere Nipomo, California, ilizunguka dunia bila jina la mama huyo. Lange hakumuuliza. Alikuja kujulikana mwaka 1978: Florence Owens Thompson, mwenye asili ya Wacherokee. Andika majina yote mawili kwa ukubwa uleule. Picha nyingi ambazo Cameron aliwapiga watu wa Sri Lanka, alikohamia mwishoni mwa maisha yake, hazina majina ya watu hao. Pale jina lilipokosekana andika wazi kwamba halikuandikwa.

Picha ya Harris ya mwaka 1904 inataka uangalifu zaidi. Nsala, baba wa Kikongo, amekaa barazani Baringa akitazama mkono na mguu wa binti yake Boali, vilivyobaki baada ya walinzi wa kampuni ya kuvuna utomvu wa mpira kumuua. Picha za Harris zilionyeshwa kwenye mikutano Uingereza na Marekani na zikachangia kumng'oa Leopold Kongo mwaka 1908. Mimi naiweka, kwa sababu ni ushahidi na Nsala alitaka uonekane. Ila isiwe mlangoni. Iweke kwenye kona yenye pazia la kanga na tangazo kwa wazazi nje yake.

Kuchapa na kutundika

Chapa kwenye karatasi isiyong'aa. Karatasi ya kung'aa chini ya taa zetu za ukumbini humwonyesha mgeni taa na si picha, na vioo vya fremu hufanya hivyohivyo. Chapa moja ya majaribio kwanza, uipeleke pale itakapotundikwa, uitazame mchana na usiku, ndipo uchape zote. Fremu za mbao za paini kutoka kwa mafundi wa Keko zinatosha. Mpe fundi vipimo kwa sentimita, na aache nafasi ndogo ya hewa kati ya picha na ubao wa nyuma, maana picha iliyogandishwa kwenye ubao hujikunja ikipata unyevu.

Ukuta wa kuazima usipigiliwe misumari. Vuta kamba za katani kati ya nguzo na ubane picha kwa klipu, au simamisha fremu za mbao zenye miguu. Katikati ya picha iwe sentimita 145 hivi kutoka sakafuni, na shusha kama wageni wengi ni watoto. Kwenye ua wazi funga pembe zote nne, upepo wa kusi hauna mchezo.

Kuhusu ukumbi: Nafasi Art Space Mikocheni, Alliance Française na Goethe-Institut kule Upanga, na Makumbusho ya Taifa ni milango inayofaa kubishwa ukiwa na miezi mkononi. Mimi napendelea ua wa shule, au ukumbi wa harusi ambao Jumanne na Jumatano umekaa tupu na mwenyewe anaweza kupunguza bei, kwa sababu majirani wa wale mabibi wataingia bila kuona aibu. Taarifu ofisi ya serikali ya mtaa, na uulize BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, mapema kuhusu kibali. Kwa tarehe, Juni hadi Septemba. Masika kwa karatasi ni hasara.

Kona ya jua

Tenga meza moja ya kutengeneza picha za bluu kama za Atkins. Ni kemia ya mwanasayansi Mwingereza John Herschel ya mwaka 1842, na haihitaji kamera. Nunua kwenye maduka ya kemikali za maabara: gramu 25 za feriki amonia sitreti ya kijani katika mililita 100 za maji, na gramu 10 za potasiamu ferisianidi katika mililita 100 nyingine. Changanya sawa kwa sawa muda mfupi kabla ya kutumia, paka kwa brashi kwenye karatasi nene ya rangi za maji, kausha gizani. Vaa glavu, usichanganye na asidi yoyote, wala usitumie vyombo vya jikoni. Anayepaka awe mtu mzima.

Mwani uokote ufukweni Kigamboni wakati wa maji kupwa, uusuuze kwa maji baridi, uulaze kati ya magazeti ukauke. Mtoto anaupanga juu ya karatasi, anafunika kwa kioo, anaweka juani. Jua letu la mchana huchukua kama dakika kumi, nawe jaribu kipande kidogo kwanza. Osha kwa maji hadi rangi ya manjano iishe. Mwani hubaki mweupe, pembeni bluu inakolea ikikauka. Mwambie mtoto kwamba kule Paje na Jambiani, Zanzibar, wanawake wanaulima mwani, na Atkins aliulaza hivihivi juu ya karatasi. Kisha aandike jina lake kamili kwenye kazi yake, si herufi za mwanzo.

Siku yenyewe na wiki inayofuata

Fungua saa kumi alasiri, joto likipungua. Viti vya mbele ni vya wapigapicha wenyewe, na mgeni rasmi awe mmoja wao. Hotuba fupi mno. Mkaribishe kila bibi asimame karibu na picha zake, pawe na kiti chake hapo na mtu wa kumletea maji, wageni wamfuate. Usimpange kwenye jukwaa.

Mezani pawe na daftari lenye safu tatu: jina lako, simu yako, na mwanamke unayemjua aliyekuwa akipiga au akisafisha picha. Safu ya tatu ndiyo itakayokulipa. Watu wataandika shangazi wa Tanga, mama wa kambo aliyekuwa na studio Morogoro, jirani aliyehamia Kigoma. Picha za asili zirudishe kwa mkono wako mwenyewe siku inayofuata, pamoja na nakala zilizochapwa na flashi ya kompyuta yenye faili zote kwa ajili ya wajukuu. Jumatatu fungua safu ya tatu uanze kupiga simu, ukianza na wenye umri mkubwa zaidi.